Konekta ya Uma kwenye Lori la Arap Rotich

Siku yangu ya kwanza gerejini nilikabidhiwa ufagio, nikaudhika sana. Nilikuwa nimetoka kwetu kando ya ziwa kwa miguu hadi Kericho, miaka ile ya ishirini ikielekea thelathini, na kwa kuwa shule ya misheni ilinifundisha Kiingereza kidogo, nilijiona mtu mkubwa. Fundi Mkuu wa shamba letu la chai, Mhindi mwenye kilemba na mikono yenye makovu ya moto, alinitazama akacheka.

"Soma sakafu kwanza," akasema. "Skurubu yote iko chini hapa, mutu fulani alisahau kufunga."

Nawaandikia ninyi vijana mnaojifungia waya za magari yenu wenyewe. Sina ugomvi nanyi, hata nafurahi kuwaona. Ila sokoni Litein nimemwona kijana mmoja akichagua konekta za plastiki kwa kuangalia rangi, kana kwamba ananunua shanga, nikasema hapana, huyu lazima aambiwe.

Konekta ni kile kipande cha shaba kinachoshika ncha ya waya ili ifungwe vizuri mahali pake. Wakati wetu zilikuwa za aina chache. Konekta ya jicho ina tundu la mviringo, na ni lazima uitoe nati yote ndipo iingie. Ya uma imeachwa wazi mbele, hivyo unalegeza nati kidogo tu na kuichomeka. Fundi Mkuu alitufundisha: "Mahali ya kutikisika, weka jicho. Nati ikilegea, jicho hapana anguka. Mahali ya kufungua kila siku, weka uma." Kisha shingo ya konekta ilipaswa kulingana na unene wa waya, ndipo ibanwe kwa koleo na kulehemiwa. Ukiweka waya nyembamba kwenye shingo pana, alikuwa akisema, "Kiatu ya baba kwa mutoto!" na kukurushia kitambaa cha grisi.

Nilijifunza upesi. Mwaka wa pili nilipewa spana zangu na kuitwa fundi wa umeme, na kichwa kikavimba.

Asubuhi moja dereva arap Rotich, Mkipsigis mpole ambaye lori lake liling'aa kuliko sahani za Meneja, alisema injini inakatakata. Nikakuta waya inayokwenda kwenye koili, ile inayoipa injini moto, imechakaa nchani. Pale panatikisika kuliko mahali pote, kwa hiyo palihitaji jicho. Lakini konekta za jicho zilikuwa ndani ya sanduku lenye kufuli, Fundi Mkuu alikuwa kiwandani na ufunguo wake, na nilikuwa na uma moja mfukoni, pana kuliko waya. Nikachukua kipande cha karatasi ya risasi, ile ya madini laini iliyotandazwa ndani ya masanduku ya chai, nikakizungusha kwenye ncha ya waya hadi ikajaa shingo. Iling'aa kama iliyolehemiwa. Nikajipongeza, nikamwambia aende.

Mchana mvua ya Kericho ilikuja kwa saa yake. Kwenye mlima wa kuelekea stesheni ya Kipkelion injini ilizima ghafla, breki zikashindwa na uzito, lori likarudi nyuma hadi mtaroni. Arap Rotich aliumia bega. Masanduku ya chai yakapasuka kwenye tope.

Meneja, Mzungu wa maneno machache, hakuuliza mengi. "Wewe nalala kwa usukani. Jumamosi toka kwa nyumba ya shamba."

"Bwana, sikulala," arap Rotich akasema kwa lafudhi ya kwao. "Nilikuwa nimeshika preki kwa mikuu yote miwili."

Lori lilipovutwa hadi gerejini, nilifungua boneti kabla ya mtu mwingine. Uma ilikuwa inaning'inia, na karatasi ya risasi imechomoka. Nikaitia ile uma mfukoni, nikafunga konekta ya jicho, kwani sanduku sasa lilikuwa wazi, injini ikawaka mara moja. Basi kila mtu akaamini dereva alilala. Na mimi nikanyamaza.

Nilinyamaza siku ya kwanza na ya pili. Nilijiambia nikifukuzwa nitarudi kwetu mikono mitupu. Siku ya tatu nilipita nyuma ya nyumba za madereva, nikamwona mke wa arap Rotich aking'oa mboga zake moja moja pamoja na udongo, azipange kwenye kikapu akazipande kwingine. Alinisalimu vizuri tu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Fundi Mkuu, nikaiweka ile uma juu ya meza. Aliigeuzageuza. Sikuwahi kumwona amekasirika bila kelele.

"Waya ya kwako ikitoka, yule mutu iko ndani ya gari," akasema. "Wewe iko hapa, nakunywa chai."

Akanipeleka kwa Meneja, akasema nimekosa, lakini nisifukuzwe, kwa sababu fundi aliyekosa hivi hatarudia. Arap Rotich akarudishiwa lori na nyumba. Mimi nikarudishiwa ufagio, nusu mwaka. Mpaka leo namshukuru Mhindi yule kuliko mtu yeyote aliyewahi kunisifu.

Arap Rotich nilimkuta mlangoni. Nilidhani atanishukuru, au atanipiga.

"Siku tatu, fundi," akasema. "Siku tatu unaniona tu."

Baadaye nilipandishwa, nikatumwa gereji ya stesheni, kisha nikarudi shambani kuwa msimamizi wa umeme hadi nikastaafu. Kazi imenilisha, imenisomeshea watoto, sina ninachodai. Arap Rotich aliendesha magari niliyoyafunga miaka yote hiyo, na tulisalimiana kwa mdomo, kwa heshima, basi.

Siku ya kuniaga, yeye mwenyewe akiwa mzee, alikuja kutoka kwake upande wa Kapsoit. Msimamizi mpya alisimulia jinsi nilivyokiri kosa langu ujanani, akaniita mfano wa ukweli. Watu wakapiga makofi. Arap Rotich naye alipiga, kisha akaniinamia sikioni.

"Hukuwaampia ulikaa siku ngapi."

Nikasimama. Niliwaeleza habari ya siku tatu, na ya mama aliyekuwa aking'oa mboga huku mimi nikijua. Hakuna aliyepiga makofi. Nilipoketi, arap Rotich alinipa mkono wake, na ilikuwa mara ya kwanza.