Rehema na vilima vyake vya Scotland

Leo nimewaonea wivu kondoo.

Rafiki yangu Rehema, tuliyekuwa tukisuka naye nywele hapa La Rochelle, Joburg, sasa anatunza wazee kwenye kijiji kimoja cha Scotland. Mchana amenipigia video akitembea kutoka kazini.

Jamani, kile kijiji.

Nyumba za mawe, vilima vya kijani mpaka macho yanachoka, kondoo wamejilaza barabarani na gari limesimama linawasubiri. Rehema akafika kwake, akasukuma mlango tu. Haukuwa umefungwa. Mimi hapa nasuka nyuma ya geti lenye kufuli, mchana kweupe.

Nikajikaza. "Hongera, shosti. Pazuri." Roho ilikuwa inaniuma, natamani mtandao ukatike.

Ndipo Zuhura, msusi mwenzangu mpya, akapita nyuma yangu na sahani ya wali.

"Huyo nani?" Rehema akauliza.

"Zuhura. Anasuka hapa siku hizi."

"Kwenye kiti changu?"

"Ndiyo."

"Na mnakula sahani moja?"

Nikasema ndiyo. Kisha akasema taratibu, "Mimi huku nakula peke yangu."

Akaigeuza simu dirishani nisimwone uso. Nikabaki naangalia vilima, huku namsikia akivuta kamasi.

Nilimwonea huruma, kweli. Lakini vile vilima bado nilikuwa navitaka.

Niambieni, nina roho mbaya, au hata nyie mngevitaka?