Kinyozi Aliyeuziwa Mtetemeko

Je, wewe ungempa shingo yako mtu mwenye wembe ambaye mkono wake unatetemeka? Usijibu kwa adabu, jibu kweli. Mjomba wangu aliishi akiliogopa jibu lako hilo, na mtu aliyemtia mtetemeko mkononi alilijua vizuri, akalifanya ngao yake.

Mjomba ni kinyozi. Mtaani wanamwita Hariri, kwa sababu wembe wake ukipita shavuni hujui kama umepita. Chumba chake kina viti viwili vya kunyolea, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na benchi la kusubiria ambalo mguu wake mmoja umetiliwa kipande cha kigae lisiyumbe. Mashine za kunyolea anazo, lakini wanaomjua humjia kwa wembe wa kukunja. Anapaka povu kwa brashi, ananyoosha ngozi kwa kidole gumba, halafu ananyamaza. Wembe ukifika kooni, chumba kizima hunyamaza naye. Akishapangusa, soga zinaendelea pale pale zilipokatika.

Mimi nilikuwa mtu wa benchi. Nilimaliza chuo, kazi sikupata, nikawa nashinda pale nikibishana na wateja juu ya serikali, bei na haki.

"Mpwa wangu huyu," Mjomba huwaambia wageni, "amesoma mpaka amebaki na kazi moja tu, kukasirika."

Mjomba alikuwa mnene. Mnene wa kweli, si wa kusingiziwa, na tumbo lake lilikuwa mali ya umma. Kila mteja alikuwa na haki ya kulitania. Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wake wa tangu zamani, alikuwa hakosi neno.

"Fundi, mkasi uko wapi? Maana tumbo limeshafika."

"Huo ni mto wa kichwa, mwalimu. Lala, ni bure."

Hakuchukia utani. Kilichomsumbua ni magoti. Kazi ya kinyozi ni ya kusimama, na ilipofika mchana alikuwa ameshikilia mgongo wa kiti kama mtu anayevuka mto. Hospitali walimwambia apunguze uzito, la sivyo magoti yatamwacha njiani. Wakamweleza habari za kutembea, za kupunguza sahani, za kuvumilia. Mjomba akarudi kazini akisema, "Wanataka nitembee ili niponye magoti yanayokataa kutembea. Kinyozi hajinyoi, jamani."

Aliyeyasikia maneno hayo alikuwa amekaa kiti cha kwanza, povu usoni. Alikuwa mwuza dawa wa duka la ng'ambo ya barabara. Watu humwita Dokta kwa ajili ya koti lake jeupe, ingawa udaktari hakuusomea. Mjomba hakumwita Dokta. Alimwita jirani, na kwa Mjomba neno hilo lilikuwa zito. Binti wa Mjomba alipowahi kubanwa na pumu, jirani ndiye aliyeacha chakula mezani akaja kufungua duka. Na kila wiki jirani alikuwa akija kuegemeza kichwa kwenye kile kiti, akafumba macho, akampa Mjomba koo lake. Watu wawili wakishafika hapo, utawaambia nini juu ya kuaminiana?

"Fundi, unateseka na mimi nipo?" akasema, akijitahidi asichezeshe midomo. "Nitakuletea kitu. Majani matupu. Kidonge kimoja asubuhi, na hilo tumbo litahama lenyewe bila kupewa notisi."

Akaleta kopo la kijani. Limeandikwa "Asili tupu" kwa herufi kubwa, na lina picha ya jani lenye tone la umande. Hakuandika cheti, hakumpima presha, hakumwuliza habari za moyo. Alilipitisha juu ya meza kama peremende.

Na dawa ikafanya kazi! Hilo lazima niliseme, maana hapo ndipo mtego ulipo. Mjomba alianza kuisha mbele ya macho yetu. Mashavu yakaingia ndani, shati likawa linapepea. Mke wake akampunguzia suruali, kisha akazipunguza tena.

"Baba," akamwambia, sindano mdomoni, "unapungua au unaisha?"

"Wivu huo. Unaogopa nitachukuliwa."

"Na nani, na jasho hilo?"

Kweli alitoka jasho, hata asubuhi ya baridi. Usingizi ukamkimbia. Yeye aliyekuwa mpole kama maji ya mtungini akawa anafoka mteja akikohoa. Moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa tu. Alipovuka barabara kumweleza jirani, aliambiwa, "Hayo ni mafuta yanayeyuka, fundi. Moyo ukikimbia, ujue kidonge kiko kazini." Mtu anakuuma huku anakupulizia, nawe unashukuru kwa upepo.

Wakati huohuo, wageni wakaanza kusimama mlangoni kwetu. Hawakutaka kunyolewa. Walikuwa wanawake wengi, na wanaume wachache wenye aibu, wakichungulia ndani, wakimpima Mjomba kwa macho toka juu hadi chini, kisha wakivuka barabara. Baadaye ndipo tulipojua kwamba jirani ndiye aliyewatuma. "Nenda ukamtazame kinyozi," alikuwa akiwaambia. "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji." Mjomba alidhani anasifiwa. Siku moja alimgeukia mama mmoja mwenye mkoba mwekundu, akajishika kiuno na kuzunguka kama mwanamitindo. Yule mama akacheka hadi akajishikiza ukutani, akaenda kununua.

Kisha mkono ukaanza.

Mwanzoni ulikuwa mtetemo mdogo, kama wa kamba ya nguo upepo ukipita. Mjomba aliuficha. Akaanza kusema wembe umekuwa butu, ameupeleka kunolewa. Akasema siku hizi mashine ni safi zaidi, mambo ya kisasa. Mkono wa kulia ulipokuwa hauna kazi aliuweka mfukoni mwa aproni. Mimi, msomi, mjuzi wa haki za binadamu, nilikaa kwenye benchi nikiuona huo mfuko na nisiulize.

Mwalimu mstaafu alikataa mashine. "Mimi nimekuja kwa wembe, fundi. Mashine hata nyumbani ninayo." Mjomba akauchukua wembe. Nilimwona akibana kiwiko ubavuni ili kukituliza. Wembe ulipofika chini ya taya, mwalimu akasema "Ah," taratibu, kama mtu aliyesahau jambo, na mstari mwekundu ukashuka katikati ya povu.

Kidonda kilikuwa kidogo. Lakini Mjomba alikitazama kama aliyeona nyumba yake inaungua. Alikuwa hajawahi kumkata mtu tangu awe na chumba chake. Mwalimu akajitia kucheka, akasema ngozi ya mzee ni kama gazeti. Mjomba akashika ukingo wa rafu, chupa ya spiriti ikaanguka, naye akaanguka baada yake.

Hospitali alilazwa. Daktari, mama mmoja asiye na maneno mengi, akamwuliza anatumia dawa gani. Mjomba akatazama ukuta.

"Hakuna."

"Mjomba," nikasema.

"Nimesema hakuna. Usimtie mtu matatani."

Alikuwa akimlinda! Amelala na nyaya kifuani, moyo unapiga kama ngoma iliyopoteza mpigaji, na bado anamlinda jirani. Nikalitoa kopo mfukoni, nikaliweka mezani mbele ya daktari.

Akaligeuza. Akatafuta jina la kiwanda, hakulipata. Akatafuta anwani, hakuna. Majibu ya damu yalipotoka ndipo alipovuta kiti akakaa.

"Damu yako imejaa homoni ya tezi la shingo," akamwambia. "Lakini tezi lenyewe ni zima. Maana yake homoni hiyo umeimeza. Kuna watu wanasaga dawa kama hizo, au nyingine zilizokwisha kupigwa marufuku kwa kuharibu moyo, wanazitia kwenye vidonge kama hivi, halafu wanaandika majani. Tutavipeleka vikapimwe."

"Lakini nilipungua, daktari."

"Ulipungua. Mafuta hayakuliwa peke yake. Misuli nayo imeliwa, na moyo ni msuli."

Mjomba akauinua mkono wa kulia, ukacheza hewani baina yao. "Na huu?"

"Ukiacha vidonge, natumaini utatulia. Utachukua muda. Moyo ndio nitakaouangalia zaidi."

Nilitoka nje nikapiga teke ndoo ya taka. Peremende ya mtoto inaandikwa imetengenezwa wapi na itaharibika lini. Kidonge kinachoingia hadi moyoni mwa mtu kinauzwa na picha ya jani! Nani anayepita kukagua? Nani anayefumba macho? Na sisi tunaocheka matumbo ya wenzetu kutwa kucha, je, hatukumsukuma Mjomba hadi kwenye lile duka, mzaha mmoja baada ya mwingine?

Siku aliyoruhusiwa hakutaka kwenda nyumbani kwanza. Alinishika bega, tukaenda moja kwa moja dukani kwa jirani. Makopo ya kijani yalikuwa yamepangwa dirishani kama askari. Mimi nilianza kwa kelele, nikitaja sheria, polisi, magazeti. Mjomba akanifinya bega nikanyamaza.

"Jirani," akasema, "ulijua?"

"Nijue nini, fundi? Mimi nauza ninacholetewa. Kopo limeandikwa asili."

"Nilikuja hapa nikakwambia moyo unakimbia. Ukaniambia nizidi kumeza. Nakuuliza tena. Ulijua?"

Jirani akapanga upya boksi za dawa ya kikohozi ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini na ya kirafiki, na urafiki huo ndio ulionitia baridi.

"Fundi, tuongee kama ndugu. Ukienda kutangaza habari za vidonge, itabidi utangaze na habari za mkono. Sasa nani atakaa kwenye kile kiti? Wewe una binti anasoma. Nyamaza, mkono utapona kimyakimya, na watu hawatajua. Tusitiriane. Kesho nitakuja kunyolewa kama kawaida, watu waone hatuna ugomvi."

Nilingoja Mjomba amtukane. Nilitamani amtukane.

"Karibu kesho," akasema, akageuka.

Njiani nilimlaumu. Nilisema mengi, mengine ya kujuta. Alinijibu mara moja tu: "Mpwa wangu, kikulacho ki nguoni mwako. Lakini huwezi kuivua nguo bila kubaki uchi. Nifikirie kwanza."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta ameshafungua. Mwalimu alikuwa benchini na plasta yake shingoni, na wateja wengine wawili pembeni. Mkono wa kulia wa Mjomba ulikuwa mfukoni. Jirani akaingia na koti jeupe, akicheka kabla hajafika.

"Fundi umerudi! Si niliwaambia ni uchovu?" Akakaa kiti cha kwanza bila kungoja zamu. "Leo mashine tu, juu juu. Nina haraka."

"Ndevu zimeota, jirani. Utawakimbizaje wateja namna hiyo?"

Akamfunga kitambaa shingoni kwa mkono wa kushoto. Kwa huohuo wa kushoto akampaka povu, mashavuni, kidevuni, hadi kooni. Kisha akautoa wa kulia mfukoni, akachukua wembe, akaufungua.

Kwenye kioo tuliuona wote. Ncha ya wembe ilikuwa ikichora viduara hewani, mbali kidogo na uso wa jirani, na Mjomba hakuubana mkono wala hakuuficha. Chumba kikanyamaza vile kinavyonyamaza wembe ukifika kooni.

"Inua kidevu, jirani."

Jirani hakuinua. Macho yake yalikuwa yameganda kiooni.

"Fundi, mkono wako..."

"Una nini?"

"Unatetemeka."

"Majani hayo," Mjomba akasema. "Asili tupu. Inua kidevu."

Jirani akaruka kutoka kitini, akaigonga rafu kwa goti, brashi ikaanguka. Akatoka nje na kitambaa chetu shingoni, povu likimdondoka kwenye koti, akavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia. Mlangoni mwa duka lake alikuwepo mteja anayengoja, yule mama mwenye mkoba mwekundu. Alikuwa amekonda. Mkononi alishika kopo la kijani, tupu. Jirani alihangaika na kufuli, funguo zikamponyoka.

Mjomba akaukunja wembe, akauweka juu ya rafu. Akaenda akasimama mlangoni, kwenye jua, mbele ya mtaa mzima, akaunyoosha mkono wake wa kulia, vidole vimetanuka.

"Mama!" akaita. "Wewe ulikuja kunitazama. Nitazame tena."

Yule mama akageuka. Akautazama mkono wa Mjomba, akamtazama jirani mwenye povu aliyeinamia funguo zake. Kisha akaliweka kopo chini taratibu, akanyoosha mkono wake mwenyewe mbele yake, akaukazia macho.