Godoro Lililokwenda Mashindanoni

Dada yangu hakuzaliwa mvumbuzi. Alizaliwa mbishi, na ubishi ndio uliomfikisha chuo kikuu. Ukimwambia jambo haliwezekani, umemchokoza. Kwa hiyo daktari alipotuambia kwamba Baba, fundi wa mapaa aliyeanguka kazini akapooza kuanzia kiunoni, angesumbuliwa na vidonda vya mgongo maisha yake yote, mimi nililia na yeye akakunja uso. Vidonda vile havina mzaha. Mtu asipoweza kujigeuza, nyama inayobanwa na kitanda inakufa yeye mwenyewe akiwa hai. Nimevisafisha kwa mikono yangu, naijua harufu yake.

Dada akaanza kuwazungukia mafundi baiskeli akiomba tyubu zilizotoboka. Akaziziba, akazipanga ubavu kwa ubavu, akazishonea turubai, akaunga pampu ya zamani na vali alizozichonga mwenyewe kwenye karakana ya chuo. Ukiwasha, tyubu moja inajaa, ya pili inanywea, kisha zinabadilishana, hivyo mwili haukandamizwi mahali pamoja muda mrefu. Godoro lile lilikuwa likiguna kama mzee anayepanda ngazi. Baba akaliita mke mdogo, kwa kuwa lilimlalamikia usiku kucha. Lakini vidonda vilifunga. Mashavu yakamjaa, akarudia kunitania kwamba nafua mashuka ya mji mzima kule dobini, ila la kwake sijui kulitandika.

Ndipo chuo kikatangaza mashindano ya ubunifu unaoweza kuuzika. Dada akaingia, akapita mchujo wa kwanza, tukafurahi kama wajinga. Kisha wakasema kila kifaa kilichopita lazima kikae kwenye ukumbi wa maonyesho mpaka fainali, majaji na wenye mitaji wapate kukikagua. Godoro la pili hatukuwa nalo. Vali zile peke yake zilimchukua karibu mwaka mzima.

"Basi naacha," Dada akasema. Alisema akimwangalia Baba, hakuniangalia mimi, nikajua anataka abembelezwe.

"Uache nini, mwanangu?" Baba akamjibu. "Lichukue, nenda ukashinde. Mimi nina safari gani?"

Tukacheka wote watatu. Tukamrudisha kwenye godoro lake la zamani la sponji.

Nilimgeuza alfajiri kabla ya kwenda kazini, nikamgeuza niliporudi, na mchana jirani alichungulia siku alizokumbuka. Haikutosha. Kidonda kilianza chini ya kiuno, wekundu mdogo tu, kisha kikafunguka. Nikampigia Dada simu chuoni, nikamwambia bila kuzungukazunguka: lirudishe.

"Nimewauliza," akasema. "Ukitoa kifaa, umejitoa mwenyewe. Vumilia, mdogo wangu, fainali imekaribia. Mgeuze mara nyingi zaidi."

Kana kwamba nilikuwa nyumbani nimekunja nne.

Nilikwenda ukumbini mwenyewe kumbembeleza yeyote ambaye angenisikiliza. Godoro lilikuwa pale, safi, linaguna. Juu yake walikuwa wamelaza sanamu la plastiki, yale ya kuvalishwa nguo madukani. Nilisimama nikalitazama hadi mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Homa ilimpanda Baba wiki ile ile. Hospitali wakasema sumu imeshaingia kwenye damu. Alikufa kabla ya fainali, na Dada alipofika alimshika miguu, miguu ile ile isiyohisi kitu, akawa anarudia neno moja: "Ningelileta. Ningelileta." Nilimchukia. Nalisema hivyo hivyo lilivyo. Na nilimhurumia, maana hakuna aliyempenda Baba kumzidi yeye.

Tulipomaliza kuzika, akaja mshauri ambaye chuo kilimpa Dada amwandae kwa fainali, kijana wa viatu vinavyong'aa. Akatoa pole vizuri tu. Halafu akamwomba asome hotuba yake. Dada akasoma: Baba yangu alilalia godoro hili, na vidonda vyake vikapona.

"Hapo pazuri sana," mshauri akasema. "Ila sema analalia. Ukisema alilalia, watauliza yuko wapi. Ukiwajibu amekufa kwa vidonda, nani atanunua?"

"Si amekufa kwa sababu godoro mlikuwa nalo nyinyi?" nikamuuliza.

Hakukasirika. "Ni kweli, dada. Lakini hilo ni refu kulieleza, na muda wanaompa jukwaani ni mfupi."

Nilimsubiri Dada amfukuze. Yeye, mbishi wa kuzaliwa, aliyewahi kubishana na daktari mbele ya wauguzi, akawa anakunja na kukunjua kona ya kanga yake.

Siku ya fainali nilikaa nyuma kabisa. Alipanda jukwaani akiwa amekonda, kitambaa cha msiba amekivua. Alieleza tyubu, pampu, vali, akaeleza hospitali ngapi zingehitaji magodoro hayo. Kisha akasema, "Baba yangu," akanyamaza. Nilimwomba Mungu silabi moja tu, ile "li" ya alilalia.

"Baba yangu analalia godoro hili," akasema, "na vidonda vyake vimepona."

Makofi yalipigwa mpaka yakaniuma masikio. Alishinda.

Watu walipokuwa wakitawanyika, mmoja wa majaji akatufuata, mama wa makamo anayemiliki hospitali. Macho yalikuwa yamemlowa. Akasema mama yake mzazi aliondoka kwa vidonda hivyo hivyo, na kwamba yuko tayari kuyanunua magodoro, mengi, kwa wodi zake zote. Alimshika Dada mikono yote miwili. Sikuona unafiki wowote kwake, na hilo ndilo lililonikata maini.

"Ila kabla hatujasaini chochote," akasema, "ningependa kuja nyumbani kwenu. Nimsalimie mzee, nimwone kwa macho yangu amelala vizuri."

Dada akanigeukia. Nikatazama sakafu.

"Karibu sana, mama," nikamsikia akisema. "Atafurahi."