"Empuje", kwa e mwishoni

Leo nimekosolewa grama ya Kihispania na mama mwenye alikuwa kwa uchungu wa kuzala!

Musicheke kwanza.

Señora Pilar, bibi ya enjenia mumoja wa Hispania, ananifundisha luga yao. Nataka kwenda kusomea ukunga kule. Lakini kila tukifika kwa "nataka ufanye hivi", mi naanguka.

Asubuhi wakamuleta hapa maternité ya Kolwezi, kwenye nasaidia kuzalisha. Mutoto alikuwa karibu, na kwa woga señora alisahau Kifaransa chote. Mama Ngoie, mukunga wetu, alipaza sauti kwa Kifaransa asukume. Bure. Señora alishika tu kitanda, analia, nguvu zinamwisha.

Mama Ngoie akanigeukia: "Sitwayeni, we mwenye unajua luga yao, sema naye!"

Nikainama kwa sikio yake. "Señora, quiero que empuja!"

Akafungua macho. "Empu-JE!" akafoka. "Con e!"

Haya gani ile, bandugu!

Lakini palepale nikaona: ni sawa na kwetu! Empuja, unasukuma; quiero que empuje, nataka usukume. A inageuka e.

Nikamushika mukono kwa nguvu. "Quiero que empuje, señora. Empuje! Empuje!"

Akasukuma.

Mutoto mwanamuke, sauti yake sawa sirene ya mine ikiita watu ku kazi!

Kifaransa kikamurudilia. Akasema, jasho usoni: "Kesho tunaanza verbe zenye kuisha na -er, zile e inageuka a."

"Kesho unalala!" Mama Ngoie akakatala.

Alale. Mi nitakuwa pale kando ya kitanda, nangojea aamuke.

Nani anakuja tujifunze pamoja?