Mama ana figo yenye mishipa miwili, ukoo unasema ni ya jini

Admin, naomba ufiche jina langu, maana baadhi ya ndugu zangu wanafuatilia ukurasa huu. Nina miaka kumi na nane, nasoma kidato cha tano, nyumbani ni Mtanda, Lindi. Kaka yangu figo zake zimeshindwa kazi, anaishi kwa kusafishwa damu. Mama alijitolea kumpa yake moja.

Tulikwenda Dar, Mama akapimwa. Daktari akatuonyesha picha: figo ya kushoto, ambayo ndiyo wangeitoa, inaletewa damu na mishipa miwili, wakati watu wengi wana mmoja. Akasema, "Mama, umezaliwa hivyo, na wapo wengine wasiojijua. Kuunganisha kutachukua muda zaidi, lakini figo ni nzima." Mama alifurahi hadi machozi.

Tukayasimulia hayo nyumbani, ndugu walipokuja kumjulia hali kaka. Bibi mmoja, mtani wetu, akadakia: "Mishipa miwili! Mmoja wako, mwingine wa kumnyweshea jini lako, mchawi wee!" Tulicheka, hata Mama. Kwetu mtani hukutukana hata msibani, nawe huruhusiwi kukasirika.

Baba mkubwa peke yake hakucheka. "Mtani hasemi bure," alisema. "Figo ya jini haiingii kwa mtoto wetu." Bibi yule alipopata habari alirudi mbio, akaapa kwamba alikuwa anatania. Baba mkubwa akamjibu, "Umeshatishwa wewe na huyo mchawi."

Jamani, nimechukizwa. Watu waliokula wali wa Mama miaka yote leo wanafunika vikombe akipita. Shangazi aliumwaga uji wa Mama mbele ya macho yake, kisha akanawa mikono.

Kilichonivunja zaidi ni kaka. Juzi Mama alimpelekea dawa na maji. Akaimeza dawa kwa mate, maji akayaacha. "Mama, nitasubiri figo ya mtu mwingine," alisema huku ametazama ukuta.

Mtu mwingine nani? Baba mkubwa hata kupimwa alikataa.

Mama hajaghairi safari ya Dar ya kutolewa figo. Anasema mwanawe atarudi kwake, na mimi naamini, kwa sababu kaka si mbaya, ameingizwa hofu. Ninyi mliowahi kutoa au kupokea figo, mliwaambia nini ndugu zenu? Nishikeni mkono: nizungumze vipi na kaka, akubali figo ya mama yetu kabla ugonjwa haujammaliza nguvu za kupasuliwa?