Makofi Yaliyomfunga Melkiadi

Saa mbili kasoro asubuhi, Januari 1975. Kwenye baraza la duka la Abdulrahmani mjini Kasulu, Ildefonsi Bazilio anagonga taipureta kana kwamba imemkosea. Mbele yake ameketi Esteri, mkulima wa Kagerankanda. Mumewe, Melkiadi, amefungwa miezi sita. Rufaa hukatwa ndani ya siku thelathini, na leo ni ya ishirini na tisa.

"Hakimu alipomuuliza, mumeo alijibu nini?"

"Hakujibu kitu, baba. Alipiga makofi."

Ildefonsi anasukuma kiti nyuma, anasimama, anatazama barabara, kisha anaketi tena. Amekunja uso.

Kwa Waha, mkubwa akisema, mdogo huinama na kupiga makofi taratibu. Maana yake ni heshima, kwamba nimekusikia. Hakuna mtoto wa Kasulu wala Kibondo asiyelijua hilo. Lakini hakimu katoka mbali, na karani ana haraka ya kwenda kula. Melkiadi alisomewa shtaka la kukaidi amri ya kuhamia kijiji kipya. Akainama, akapiga makofi. Jaladani pakaandikwa neno moja tu: Amekiri.

Basi, kesi ikaishia hapo. Hakuna aliyetaka kujua kwamba aliomba wiki mbili tu avune maharage, wala kwamba mgambo waliitia moto nyumba yake, mbegu zikiwa ndani.

Wakili? Wa karibu yuko Tabora, na hata angekuwa jirani, sheria haimruhusu kusimama mahakama ya mwanzo. Kwa hiyo maskini wa huku huandikiwa rufaa na Ildefonsi, mwenye miaka hamsini na moja na elimu ya darasa la nane. Mwenye uwezo humpa shilingi tatu, asiye nao humpa asante.

Uchungu wake una mizizi. Kwa miaka tisa alikuwa karani wa mahakama upande wa Kibondo.

"Mkono ulioandika Amekiri kwa wengine kama Melkiadi ni huu," anasema. "Nami ni Muha, nilijua maana ya makofi yale. Hakimu akisema andika, naandika. Nilimwandika hivyo Tharsisi, jirani yangu wa Mabamba, akafia gerezani. Mjane wake alipokuja kuniuliza mwili utaletwa lini, aliinama akanipigia makofi."

Wiki hiyohiyo aliacha kazi.

Saa saba mchana, rufaa ikiwa na alama ya kidole cha Melkiadi iliyochukuliwa gerezani, wawili hao wanasimama kwenye dirisha la mahakama ya wilaya. Karani anaitupia macho, anairudisha.

"Aliyekiri hakati rufaa. Halafu wewe mzee si wakili."

"Mimi nimemsindikiza mama," anajibu Ildefonsi. "Ila hayo uliyosema yaandike hapo chini, utie jina lako na saini. Tutayapeleka mbele."

Karani anamkodolea macho. Kisha anavuta muhuri, anagonga. Rufaa imepokewa, na itasikilizwa baada ya wiki mbili. Esteri anaikunja nakala yake na kuifunga kwenye pindo la kitenge.

Njiani kurudi, mwandishi wa makala haya anamuuliza Ildefonsi kwa nini asiwafundishe watu kutopiga makofi mbele ya hakimu. Swali linamchoma.

"Huyu mama aache adabu ya kwao kwa sababu karani ni mvivu wa kuuliza? Hapana, ndugu mwandishi. Ajifunze karani."

Anafungua mfuko wa kaki na kutoa karatasi. Ni kiapo chake mwenyewe, chenye majina kumi na saba ya watu aliowaandika kuwa wamekiri, huku akijua hawakukiri. Siku ya rufaa ya Melkiadi anakusudia kukikabidhi kwa hakimu. Esteri anamwambia kwa sauti ya chini kwamba watamfunga.

"Huenda," anasema. "Wakinishtaki nitasimama wima, mama, mikono chini, niseme kwa mdomo wangu kwamba ni kweli nilifanya. Hapo karani aandike."