Kiitikio Kisicho na Mwombaji

Ndugu zangu wa Nambis, kwetu Mbulu, wamenisamehe mambo mengi, lakini kazi yangu hawajaisamehe. Ningekuwa daktari huku ughaibuni wangeelewa. Ningekuwa naosha vyombo hotelini wangeelewa zaidi. Lakini mtu mzima mwenye mvi, analipwa kutunga muziki wa filamu na vipindi vya televisheni, muziki ambao haupigwi harusini wala hauimbwi kanisani? Dada yangu aliwahi kuniuliza kama naimba kwenye hizo filamu. Nikasema hapana. Unaigiza? Hapana. Basi unapiga ngoma? Mara chache. Alinitazama kama anavyotazamwa ng'ombe asiyetoa maziwa wala kuvuta jembe, akaniongezea ugali.

Simlaumu. Mimi mwenyewe sijui vizuri kazi hii ilinipataje, na sehemu moja yake inanichanganya mpaka leo.

Ilianzia kwenye mashamba ya ngano ya serikali, chini ya Mlima Hanang. Niliteremka huko nikiwa kijana wa kuoa, mwalimu wa kwaya isiyolipa, nikapata kazi ya kutunza stoo ya spea za matrekta. Kwetu milimani shamba unalivuka kabla hujamaliza kusalimiana na mwenyewe. Kule chini ngano ilianzia mlangoni pa stoo na sikuwahi kuona inapoishia. Kombaini zilikwenda zikapotea, zikaja kutokea upande mwingine. Mchana upepo ulipita juu ya ngano ukitoa sauti moja ndefu, nami nikawa naifuatisha kwa mdomo uliofumbwa huku napanga bolti. Nje ya uzio Wabarbaig walizungusha ng'ombe wao mbali sana, maana njia yao ya zamani ya kwenda majini sasa ilikuwa ngano. Nani mwenye haki, sikujua. Mshahara wangu ulitoka ndani ya uzio, maziwa yangu yalitoka nje.

Kisha akaja mgeni wa kupiga filamu. Alitoka nchi iliyotupatia matrekta, na alitaka kuwaonyesha watu wa kwao matrekta hayo yakifanya kazi. Alinikuta stoo navuma pamoja na upepo, akauliza kama naweza kupata watu wengine wa kuvuma hivyo. Nikakusanya wanakwaya wa pale shambani, wengi wao Wairaqw wa Mbulu kama mimi. Tukamwimbia nyimbo zetu zote nzuri. Akazikataa zote. Alisema maneno yatagombana na msimulizi. Alitaka kitu kisicho na maneno, kitu cha kukaa chini ya picha na kuinyanyua. Nilikasirika. Mwimbaji unamnyang'anyaje maneno? Kwa hasira hiyo nikampa kitu pekee nilichokijua kisicho na maneno, kiitikio cha slufay.

Slufay ni maombi yetu ya baraka. Mwisho wa kikao mzee husimama akaomba mstari baada ya mstari, mvua, mifugo, watoto, na waliokaa humwitikia kwa sauti nzito ya pamoja, chini chini. Baba yangu alikuwa mwombaji wa kuitwa hata na vijiji vya mbali. Mimi nilichukua mvumo wa waitikiaji peke yake, nikaupanga kwa sauti nne, tukaurekodi. Mgeni alisikiliza amefumba macho. Alipoyafumbua alisema kwao kuna chuo kinachofundisha kazi hiyo, na kwamba akirudi kutuonyesha filamu atakuja na majibu ya chuo.

Kwetu mtu haendi safari ya namna ile bila kuombewa. Unaweza kwenda, hakuna atakayekufunga kamba, ila utakuwa umetoroka. Sikutaka kutoroka. Nikapanda Nambis.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia unaondoka."

"Ukinibariki."

"Unakwenda kufanya kazi gani?"

"Kutunga muziki wa filamu."

"Nyimbo."

"Siyo nyimbo hasa. Ni muziki unaokaa chini ya picha."

Akafikiri. "Picha ina chini?"

Nikajaribu kueleza. Akaniuliza kama watu hukusanyika kuusikiliza huo muziki. Nikasema hapana, hukusanyika kutazama picha; muziki ukiwa mzuri sana hata hawausikii. Mama alicheka jikoni, akajifanya anakohoa moshi. Baba hakucheka.

"Sijakataa," alisema. "Lakini siwezi kumtajia Mungu kitu nisichokijua. Mkulima namwombea mvua. Mfugaji namwombea majani. Wewe nikuombee nini? Wasikusikie?"

Mama alinisindikiza mpaka barabarani. "Mwambie ni ualimu," alisema. "Ataomba leo leo." Nikakataa, kwa kiburi labda. Baraka ya ualimu ingemwendea mwalimu, na mimi ningeondoka mikono mitupu. Nikashuka sijui kama nimekubaliwa au nimefukuzwa.

Msimu uliofuata, ngano ikiwa imeshavunwa, mgeni alirudi na filamu. Chuo kilikuwa kimenikubali. Filamu ikaonyeshwa mchana, ndani ya ghala, madirisha yamezibwa kwa magunia. Wafanyakazi walikuja, na majirani, hata wafugaji kutoka Getanuwas. Siku hiyo ilikuwa ya mnada Katesh na baba alikuwa ameleta dume la kuuza, nikamfuata nikamleta na vumbi lake, nikamkalisha mbele juu ya gunia. Niliwaza kwamba akiuona tu huo muziki ulivyokaa chini ya picha, ataelewa.

Picha zikaanza. Ngano, kombaini, mlima wetu. Msimulizi alisema kwa lugha ambayo wengi wetu hatukuijua. Kisha mvumo wetu ukaingia, nikaona vichwa vinageuka. Mzee wa Kibarbaig aliyekaa karibu na mlango akamwuliza jirani yake, "Hawa wanamwitikia nani?"

Mama mmoja wa kwaya akaanza kuvuma kufuatisha, bila kujijua nadhani, na mwingine akamfuata. Wairaqw ukiwaletea kiitikio wataitikia, kama mtu asivyoweza kusikia hodi akanyamaza. Muda si muda ghala zima lilikuwa linaitikia, kwa sauti iliyoshinda ya mashine ya kuonyeshea filamu, na mbele hapakuwa na anayeomba. Niliogopa. Ndipo nilipoelewa nilichokifanya, nimekata maombi nikabakiza kiitikio, na sasa watu wanauitikia ukuta. Na mimi naitikia pia.

Baba akasimama, akavua kofia. Kivuli chake kikaangukia katikati ya ngano. Mgeni alimpungia mkono akae, baba hakumwona. Akaomba kwa Kiiraqw, kwa sauti yake ya vikaoni. Mvua ije kwa upole. Ngano iliyo ndani ya uzio ishibishe watu. Ng'ombe walio nje ya uzio wapate njia ya maji. Kila mstari ghala likaitikia, na wafugaji ambao hawakuelewa neno wakaitikia vilevile. Kwenye picha tulishafika karakana, mvumo wa filamu umekwisha, sisi tunaendelea. Mstari wa mwisho aliomba hivi: "Na wanaokwenda mbali kuwaitikia watu wasiowaona, koo zao zisikauke." Akavaa kofia, akakaa.

Nje mgeni aliniuliza kama mzee alikuwa anapinga filamu. Meneja wa shamba akaniuliza kama alikuwa anaisifu. Nikawaambia wote wawili sijui, nikamkimbilia baba barabarani.

"Baba, umenibariki?"

"Watu walikuwa wanaitikia na hakuna anayeomba. Ningewaacha hivyo?"

"Lakini ule mstari wa mwisho."

"Kwani anayekwenda mbali ni wewe peke yako?" Halafu akaniuliza duka gani Katesh lina chumvi nzuri.

Nikaondoka na hicho hicho. Nimetunga muziki wa filamu za theluji, wa wapelelezi, hata wa tangazo la sabuni. Waongozaji hunipenda kwa sababu muziki wangu hausemi kitu. Na kila ninapoupiga mara ya mwisho kabla ya kuutoa, nasubiri mtu asimame. Hajawahi kusimama mtu.

Baba alipozeeka alinipigia kwa simu ya mpwa wangu, nikiwa kazini, wapigaji wamekaa na ala zao wananisubiri.

"Bado unaitikia?" aliuliza.

"Naitikia, baba."

"Huko nani anaomba?"

Nikasikia anakohoa kusafisha koo, kama alivyofanya siku zote kabla ya kusimama. Akaanza. Nikaitikia palepale, mbele ya watu wasiojua ninazungumza na nani. Mtandao ukakatika alipokuwa bado kwenye mvua, hajafika kwa watoto. Hatukuongea tena, alifariki kabla sijampata. Siku ile nilibaki na simu sikioni, nikaendelea kuitikia mpaka mpiga fidla mmoja akaanza kuvuma pamoja nami.

Mstari wangu hakuufikia. Au aliufikia zamani, ghalani, na mimi ndiye niliyekuwa natazama picha.